Kuendeleza Upya Mitaa Chakavu ya Arusha: Nani Anapanga, Nani Analipa? (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Kila uvumi unapozuka kwamba Unga Limited, Ngarenaro au Kaloleni "inavunjwa", mazungumzo huhamia haraka kwenye maghorofa: yatakuwa mangapi, yatakuwa ya nani. Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo yanayojirudia kwenye mikutano ya mitaa na kwenye mabenchi ya ofisi za kata. Anayeyajibu anaamini kwamba mitaa hii inastahili barabara, mifereji na nyumba bora. Anaamini pia kwamba anayeishi humo leo ana haki ya kujua pesa ya kumlipa iko kwenye kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti, kabla hajaulizwa kama ameipenda ramani.

Eneo chakavu ni lipi, na nani anasema limechakaa?

Kwa macho, kila mtu analijua. Ingia Unga Limited mwezi wa Aprili, pita kwenye uchochoro ambao mkokoteni unakwaruza kuta za pande zote mbili. Gari la majitaka halifiki humo, kwa hiyo mvua ikikolea wapo wanaotapisha vyoo usiku, na uchafu unateremka hadi kwa majirani wa bondeni. Gari la zimamoto nalo linaishia barabarani.

Kisheria, kutazama hakutoshi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa halmashauri, kama mamlaka ya upangaji, kazi ya kuandaa mipango ya eneo lake, ikiwemo ya kuendeleza upya sehemu ambazo majengo yamezeeka, huduma zimezidiwa, au matumizi ya ardhi hayafai tena mahali pale. Diwani peke yake hawezi kulitangaza eneo chakavu. Mwekezaji mwenye picha nzuri za kompyuta hawezi pia. Lazima pawe na mpango ulioandaliwa, ukajadiliwa, ukaidhinishwa. Mtu akikwambia "hapa pameshapangwa", mwombe namba ya mchoro wa mipango miji, kisha uulizie mchoro huo kwa afisa mipango miji wa Jiji.

Mitaa hii haifanani. Kaloleni ilipangwa tangu enzi za ukoloni. Tatizo lake ni nyumba kongwe kwenye ardhi ambayo sasa ni ghali mno. Sehemu kubwa ya Unga Limited watu walijenga kwanza, mpango ukawafuata. Dawa ya mahali pamoja si lazima ifae mahali pengine, na ukisikia mpango unaozitaja zote kwa pumzi moja, uliza maswali mara mbili.

Nimesikia Arusha ina Mpango Kabambe hadi 2035. Je, humo ndimo nyumba yangu imeandikiwa kuvunjwa?

Hapana. Mpango Kabambe uliandaliwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, iliyoandaa pia wa Mwanza, na eneo lake linavuka mipaka ya Jiji kuingia halmashauri za Arusha na Meru. Unaonyesha mwelekeo wa jumla: biashara wapi, makazi ya aina gani wapi, barabara kuu zipite wapi. Mji uliohesabiwa kuwa na watu 617,631 katika sensa ya 2022 hauwezi kukua bila mwelekeo wa namna hiyo.

Kinachogusa ukuta wako ni mpango wa kina. Huo ndio unaoonyesha kiwanja kwa kiwanja, upana wa barabara ya mtaa, mahali pa shule, mahali pa mfereji. Ukitaka kujua hatima yako, usipoteze muda kwenye kitabu kinene cha Mpango Kabambe. Ulizia mpango wa kina wa kata yako, kama upo, kama unaandaliwa, au kama uko mezani unasubiri saini.

Mpango wa eneo unaandaliwaje, na mwananchi anaingia wapi?

Anaingia mapema kuliko wengi wanavyodhani, na mlango wenyewe hufungwa kimyakimya.

Wataalamu wa halmashauri, au kampuni waliyoipa kazi, hukusanya taarifa za eneo: nyumba ngapi, nani anamiliki, maji yanapita wapi. Rasimu inaletwa kwenye mkutano wa mtaa, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, inakwenda kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulika na mipango miji na mazingira, kisha Baraza la Madiwani. Ikitoka hapo inapelekwa wizara ya ardhi kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipango Miji. Kabla ya hapo rasimu hutangazwa ili wenye pingamizi waziwasilishe kwa maandishi.

Kwenye mkutano ule wa mtaa, ramani hubandikwa ukutani au kutandikwa mezani. Usikae nyuma. Nenda mbele uitafute nyumba yako kwa kuanzia kwenye kitu unachokijua: msikiti, kanisa, kisima, kona ya duka. Angalia rangi iliyopakwa juu ya kiwanja chako, maana kila rangi ina matumizi yake, na uliza barabara iliyochorwa pembeni ina upana wa mita ngapi. Barabara ya mita 4 ikichorwa kuwa mita 12, kuna sebule ya mtu inayokwenda.

Jambo la pili ni karatasi ya mahudhurio. Sisi watu wa Arusha tunasaini upesi. Hakikisheni muhtasari wa mkutano unaandika wazi kwamba sahihi zile ni za waliohudhuria, wala si za walioridhia, na pingamizi zilizotolewa ziandikwe pamoja na majina ya wasemaji. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waombeni nakala. Miaka mitatu baadaye, muhtasari huo ndio utakaosomwa, wala hakuna atakayekumbuka nani alipiga kelele.

Sasa, kitu ambacho karibu hakisemwi mikutanoni: mpango una foleni yake na bajeti ina foleni yake. Bajeti inaanzia nayo mtaani, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo katika Maendeleo, inapanda kata, halmashauri, mkoa, TAMISEMI na Hazina hadi Bunge, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Hakuna kinacholazimisha foleni hizi mbili zifike pamoja. Mpango unaweza kuidhinishwa leo na pesa isionekane kwa miaka, na katika miaka hiyo mwenye nyumba ananyimwa kibali cha kujenga au kukarabati kwa sababu eneo "liko kwenye mpango". Ndiyo maana swali la kwanza kwa afisa yeyote anayekuletea ramani liwe: mradi huu uko kwenye bajeti ya mwaka upi, kasma ipi, na fedha ya fidia imetengwa kiasi gani?

Lazima kuvunja? Haiwezekani kuboresha bila kumhamisha mtu?

Inawezekana, na mahali pengi ndiyo njia bora. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu urasimishaji: eneo lililojengwa kiholela linapangwa na kupimwa jinsi lilivyo, kila mtu anatoa sehemu ndogo kwa ajili ya njia, kisha wenye viwanja wanapata hati. Hanna Nassif kule Dar es Salaam katika miaka ya 1990, wakazi wenyewe walishiriki kujenga mifereji na barabara za mtaa wao, na mtaa ukabaki na watu wake.

Mimi naiunga mkono njia hiyo kwa sehemu kubwa ya Unga Limited na Sombetini. Kinachoua na kufukarisha watu huko kwanza ni maji. Aprili 2024 maji ya mvua yalisomba gari la wanafunzi eneo la Muriet na watoto wakapoteza maisha. Jiji linaloshuka kutoka miteremko ya Mlima Meru, likikatwa na mito ya Themi, Naura na Ngarenaro, mifereji ndiyo inayopaswa kuongoza orodha yake, hata kama mfereji hauna uzinduzi wa kupendeza.

Katikati ya mji ni habari nyingine. Kiwanja kilekile kingeweza kubeba familia 20 kwenye ghorofa, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008 inaruhusu kila familia kuwa na hati ya sehemu yake. Hapo kujenga upya kuna mantiki, mradi aliyekuwepo awe wa kwanza kuingia.

Pesa zinatoka wapi hasa?

Kutoka mifuko mingi midogo, na mmoja mkubwa ambao hauko Arusha.

Mfuko wa kwanza ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, leseni, ada za vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na stendi, kodi za fremu za Jiji. Arusha, kwa utalii na biashara yake, iko vizuri kuliko halmashauri nyingi. Lakini pesa hii inajenga pia madarasa, vituo vya afya na inalipa posho za vikao, na asilimia 10 yake imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachobaki hakiwezi kufidia hata nusu ya kata.

Wa pili ni ruzuku ya Serikali Kuu. Humo mna fedha za miradi ya kimkakati, yaani masoko na stendi zinazotarajiwa kuiingizia halmashauri mapato. Majirani zetu wa Moshi wanaijua: stendi ya Ngangamfumuni ni mradi wa aina hiyo, na wanajua pia maana ya ujenzi kusimama kwa miaka huku nguzo zikitazama juu.

Wa tatu, na ndio mkubwa, ni mikopo ambayo Serikali Kuu inakopa na kuishusha kwenye miji. Mradi wa Miji ya Kimkakati, maarufu kama TSCP, uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia, uliiletea Arusha barabara, mifereji na dampo la kisasa la Muriet. Sasa kuna TACTIC, mkopo wa Dola milioni 410 za Marekani kwa miji 45, na Arusha iko kwenye kundi la kwanza. Majisafi na majitaka yana mkondo wake: mradi mkubwa wa AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, wa Sh520 bilioni uligharamiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Halmashauri yenyewe inaweza kukopa, lakini kwa idhini ya waziri. Hatifungani, yaani kukopa kwa kuwauzia wawekezaji dhamana zinazolipwa kwa riba, bado ni jambo geni kwetu. Aliyefungua njia mwaka 2024 ni Mamlaka ya Maji Tanga, kwa hatifungani ya kijani iliyokusanya Sh53.12 bilioni. Tanga iliweza kwa sababu bili za maji zinaingia kila mwezi na mnunuzi wa hatifungani anaona atalipwa na nini. Mtaa uliojengwa upya hauna bili. Soko lina ushuru, stendi ina ushuru, ndiyo maana hivyo hupata pesa upesi, na uchochoro wa Ngarenaro unasubiri.

Kwa nini kodi ya majengo isilipie kazi hii?

Swali zuri, na jibu lake linasikitisha. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ni Sh1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Ni kiwango kimoja. Nyumba iliyo kwenye tope na nyumba iliyopata lami, mfereji na taa za barabarani zinakatwa sawasawa. Kwa hiyo Serikali ikiboresha mtaa na thamani ya viwanja ikapanda maradufu, faida yote inabaki kwa aliyewahi kununua, na chombo kilichogharamia mfereji hakirudishiwi chochote cha maana kwa njia hiyo.

Huko Marekani wana utaratibu ulioanzia California mwaka 1952. Halmashauri inaainisha eneo chakavu, inaandika thamani ya majengo yake siku ile, kisha kodi yote ya majengo itakayozidi kiwango hicho miaka inayofuata inatengwa kulipia miundombinu ya eneo lilelile. Chicago imeutumia sana. Una hatari zake: pesa inayobaki kwenye eneo moja ni pesa isiyofika kwenye shule na huduma za maeneo mengine, na California yenyewe ilivunja mashirika yake zaidi ya 400 ya uendelezaji upya mwaka 2012 wakati bajeti ya jimbo imebanwa. Sisemi tuuige. Nasema bila kodi inayofuata thamani ya jengo, tutaendelea kusubiri mkopo wa kila mtaa.

Nyumba yangu haina hati. Nina karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti tu. Nitalipwa?

Kukosa hati hakukufanyi mvamizi. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali na kukataza mtu kunyang'anywa bila fidia. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililotokana na mgogoro wa ardhi wa hukuhuku mkoani Arusha, ilisema haki za kimila za ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi nayo inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati.

Unachohitaji ni ushahidi wa kumiliki: karatasi ya mauziano, majirani wa mipaka, risiti za kodi ya majengo, bili za maji za zamani. Kikwazo kikubwa ninachokiona mara nyingi ni mirathi. Nyumba iko kwa jina la babu aliyefariki, watoto na wajukuu wanaishi humo, na hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Fidia ikija, inakwama hapo, na ndugu wanaanza kutazamana vibaya. Fungueni mirathi sasa, mkiwa bado mnakula meza moja.

Fidia inahesabiwaje?

Msingi ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyo juu yake. Juu ya hapo, kanuni za 2001 zinaongeza posho kadhaa.

Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani ya mali yako kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara zinatoa kwa amana za muda maalumu za miezi 12. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba yako kwa mwezi, mara miezi 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20. Mwenye biashara analipwa faida iliyopotea: faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Kiwanja kisichokaliwa hakipati posho za usafiri, makazi wala faida.

Chukua mfano wa kubuni. Nyumba ya vyumba vinne Ngarenaro ambayo ingepangishwa kwa Sh200,000 kwa mwezi: posho ya makazi peke yake ni Sh7,200,000. Mwenye nyumba asiyejua anaona jumla moja kwenye jedwali, anasaini, na hajui kama fungu hilo limeingizwa au limesahauliwa. Omba mchanganuo. Kila fungu kwa mstari wake.

Faida ya biashara ndiyo inayowaponyoka watu wetu. Kanuni zinazungumzia hesabu zilizokaguliwa pale inapohusika, na mama mwenye mgahawa wa uani hana mkaguzi. Awe basi na daftari la mauzo la kila siku, leseni, risiti za manunuzi na karatasi za TRA. Daftari chafu lililoandikwa kila jioni lina nguvu kuliko kumbukumbu nzuri.

Siku ya uthamini inakuwaje?

Mthamini anakuja akiwa na kiongozi wa mtaa. Anapima nyumba kwa futi kamba, anaandika kuta ni za nini, bati la aina gani, sakafu, choo, uzio, hadi mparachichi ulioko uani. Kisha unasimama mbele ya nyumba yako ukishika kibao chenye namba, unapigwa picha. Namba ile ndiyo jina lako kwenye mradi kuanzia hapo: iandike mahali, ipige picha, mwambie na mtoto.

Siku hiyo uwepo. Usimwachie mpangaji wala kijana wa dukani akuhesabie. Kama ni nyumba ya ndoa, mke na mume wote waandikwe. Chochote kilichorukwa, kisima, shimo la choo, chumba cha uani, sema palepale na hakikisha kimeingia kwenye fomu kabla hujatia sahihi. Taarifa itakayotoka lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, na baada ya hapo kurekebisha ni kazi ngumu.

Walithamini, wakaweka X nyekundu, wakanyamaza. Nifanye nini?

Hili ndilo donda. X ikishapakwa, hakuna benki itakayokukopesha kwa nyumba hiyo, mpangaji mzuri anaondoka, na wewe unaogopa hata kubadilisha bati kwa sababu kilichoongezwa baada ya uthamini hakilipwi.

Sheria ya Uthamini ya 2016 iko wazi: fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe. Ikipita hapo, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka 2 bila kulipwa, uthamini umekufa na lazima ufanyike upya kwa bei za wakati huo. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa na Mkuu wa Wilaya. Uliza tarehe ya kuidhinishwa, kasma ya fidia, na kama riba imeingizwa. Andikeni kwa pamoja, wenye namba wote, na mpokeaji agonge muhuri kwenye nakala yenu. Ukienda peke yako kwa mdomo utapigwa danadana: njoo Jumatatu, njoo mwezi ujao.

Mimi ni mpangaji tu.

Kwa kanuni zetu za kawaida, posho ya makazi inakwenda kwa mwenye nyumba, na mpangaji wa chumba na sebule hakutengewa fungu. Naliona hili kama pengo kubwa kuliko yote kwenye sheria hizi, kwa sababu kwenye kata za katikati wapangaji ni wengi mno, na wao ndio wanaofungasha virago kwanza.

Kuna tofauti moja muhimu. Mradi ukigharamiwa na Benki ya Dunia, masharti yake yanataka hata mpangaji, na hata aliyekaa bila haki inayotambuliwa kisheria, aorodheshwe na asaidiwe kuhama na kurejesha kipato, na pawe na kamati ya kupokea malalamiko. Kwa hiyo uliza mapema: huu mradi ni wa nani? Kama ni TACTIC, hakikisha jina lako liko kwenye daftari la waathirika. Weka mkataba wa pango na risiti za kodi. Kama unalipa kwa simu, ujumbe usiufute.

Nina fremu kwenye eneo la Jiji, nyingine nilimlipa mtu kilemba. Je?

Kilemba, yaani pesa uliyompa aliyekuwemo akuachie fremu, hakitambuliwi na halmashauri. Inatambua mkataba wenye jina lako tu. Kama mkataba una jina la mwingine na wewe ndiye unayeuza, uko hewani. Kwa wamachinga, wa soko la Samunge na kwingineko, dai linalofaa ni eneo mbadala lililo tayari, lenye choo na njia ya wateja, kabla ya kuhamishwa, na orodha ya wanaorudi ibandikwe hadharani.

Nyumba iko kando ya mto, au kwenye hifadhi ya barabara.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Uliyeifuata barabara hulipwi. Uliyekuwepo kabla na hifadhi ikapanuliwa kukufikia, unadai. Tarehe ya kujenga ndiyo kesi yenyewe, kwa hiyo tafuta karatasi au picha ya zamani inayoithibitisha.

Mwekezaji akija kwa ubia na Jiji, tuogope?

Msiogope, msome mkataba. Kwenye ubia, Jiji hutoa ardhi, mwekezaji hujenga, wanagawana mapato kwa miaka fulani, kisha jengo linarudi. Ukiandikwa vizuri unafaa. Hatari iko kwenye kipindi cha katikati, baada ya kubomoa na kabla ya kujenga.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, ndiyo shule yetu. Mwaka 2011 nyumba za manispaa zilizokuwa na kaya 644 zilibomolewa ili pajengwe upya kwa ubia. Ujenzi haukuja. Eneo lilikaa wazi kwa miaka hadi Serikali ilipolichukua mwaka 2016 na kuipa Wakala wa Majengo kazi hiyo, na nyumba 644 zikazinduliwa Machi 2022. Watu wa awali walipewa nafasi ya kwanza, na hilo ni la kupongezwa kwa dhati. Lakini ni miaka 11. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza alimaliza kidato cha nne akiwa nje ya mtaa wake.

Halikutokea kwetu tu. Mji wa New London, Marekani, ulipata ruhusa ya Mahakama ya Juu mwaka 2005, kwa kura 5 dhidi ya 4, kutwaa nyumba za watu kwa ajili ya mradi wa uchumi. Nyumba ziliondoka, mradi uliokusudiwa haukujengwa, na uwanja ukabaki mtupu miaka mingi.

Kwa hiyo daini mambo matatu kwenye mkataba: ushahidi wa fedha ya ujenzi kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, kodi ya pango kwa waliohama hadi siku ya kurudi, na orodha ya wanaorudi ikiwa kiambatisho cha mkataba wenyewe. Ahadi ya jukwaani haina ukurasa.

Barabara ya mtaa wetu imeharibika. Mbona Jiji linasema si lao?

Kwa sababu tangu 2017 barabara za mijini ziko chini ya TARURA. Barabara kuu ni TANROADS, majitaka ni AUWSA, nguzo ni TANESCO. Mradi mzuri unazikalisha taasisi hizi meza moja kabla ya kuchimba, vinginevyo lami mpya itakatwa mwezi ujao kupitisha bomba.

Naweza kushtaki?

Ndiyo, lakini ujue ngazi. Baada ya marekebisho ya sheria ya 2020, shauri dhidi ya halmashauri hufunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa, na baada ya notisi ya siku 90. Ukikimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba bila hayo, shauri litaondolewa kabla hujasikilizwa. Arusha ina wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Waone kabla ya kumlipa yeyote anayejiita wakala wa fidia. Asilimia anayoomba wakala huyo ni chakula cha watoto wako.

Niweke karatasi zipi tayari hata kama mradi haujatangazwa?

Karatasi ya mauziano au hati. Barua ya usimamizi wa mirathi, kama mwenye jina hayupo. Cheti cha ndoa. Kitambulisho cha Taifa chenye jina linalofanana na lililo kwenye karatasi ya nyumba, maana tofauti ya herufi moja imewachelewesha wengi. Picha za kila chumba, ndani na nje, zenye tarehe. Risiti za LUKU na maji, mikataba ya wapangaji, daftari la biashara. Namba ya akaunti ya benki iliyo hai. Nakala moja iache kwa ndugu anayeishi nje ya eneo.